Mama amegoma kwenda kemo ya tatu kwa sababu ya kutapika. Wanaojua dawa za kichefuchefu naombeni msaada

#1 Kitindamimba

Wakuu, habari za saa hizi.

Sina kawaida ya kuleta mambo ya nyumbani jukwaani, mimi ni mtu wa kule kwenye mpira. Ila hili limenifika shingoni.

Mama yangu ana miaka 61, saratani ya titi. Upasuaji ulishafanyika, sasa yuko kwenye kemo. Kapangiwa mizunguko minne ya mwanzo, kila baada ya wiki tatu, ya ile dawa nyekundu kama Vimto, doksorubisini, pamoja na mwenzake saiklofosfamidi. Wenye wagonjwa wanaijua. Hata mkojo unatoka mwekundu siku ile, mara ya kwanza tulidhani damu.

Mzunguko wa kwanza nesi alimchoma sindano ya kuzuia kutapika, dripu ikafuata. Tukarudi Mbagala saa kumi jioni, usiku akala ndizi mbili za mchuzi. Nikawapigia ndugu simu kwa mbwembwe, "mama wa chuma huyu!" Kesho yake saa tano asubuhi ndipo yakaanza. Siku tatu. Lile beseni la bluu la kufulia likahamia uvunguni mwa kitanda. Alitapika chakula, akatapika maji, ikafika nyongo ya njano, na mwisho hakuna kitu, tumbo linajikunja tu na machozi yanamtoka. Hatukuwa tumepewa hata kidonge kimoja cha kurudi nacho. Kupiga simu naambiwa ndivyo ilivyo, avumilie.

Mzunguko wa pili, dawa ya kuzuia kutapika imeisha stoo. Nikaandikiwa nikanunue nje. Foleni dukani, mtandao wa malipo umekata, narudi jasho linanitoka nakuta dripu nyekundu imeshafika nusu. Nesi akasema hakuna neno, akamchoma hapohapo. Wakuu, siku ile hata nyumbani hatukufika salama.

Sasa juzi, Jumanne, ilikuwa zamu ya tatu. Tuko kwenye bajaji, tumekata ile kona ambayo geti la hospitali linaonekana, mama akasema "simamisha". Akatapika barabarani. Hajala, hajachomwa, hajanusa dawa. Geti tu! Akajifuta mdomo kwa pembe ya khanga, akamwambia dereva ageuze. Kufika nyumbani kasema: "Kufa nitakufa siku yangu ikifika, ila lile beseni silirudii."

Naombeni msaada. Kuna dawa nyingine au ndiyo tumefika mwisho?

#2 Mchele_Mbeya

Pole sana mkuu. Ngoja wajuvi waje, naweka kambi hapa.

#3 BiTangawizi

Pole mwanangu. Tangawizi mbichi, iponde, ichemshe, akamulie ndimu, anywe kidogokidogo. Na ubuyu wa kumung'unya mdomoni. Sisi tumezaa watoto saba kwa tangawizi.

#4 MzeeWaBusara

Mimi natofautiana kidogo. Kutapika ni mwili unatoa sumu. Ukimzuia asitapike ile sumu inabaki ndani, inaenda kwenye figo. Vijana mnapenda sana vidonge.

#5 Dozi_Kamili

Mimi ni mfamasia, nimekaa wodi ya saratani miaka kadhaa. Nianze na mzee wa #4 kwa heshima zote, maana wagonjwa wengi wana imani hiyo na wanateseka nayo kimyakimya. Mzee wangu, dripu imeingia mshipani. Iko kwenye damu. Anachotapika ni wali, maji na nyongo, dawa haitoki kwa mdomo hata tone. Na ukitaka kuumiza figo, mwache mtu atapike siku tatu bila kushika maji. Hapo umezipata.

Kitindamimba, hamjafika mwisho. Naona kwenye maelezo yako kwamba hamjaanza hata mwanzo. Mama amekutana na kutapika kwa aina tatu tofauti, na kila moja ina mlango wake.

Ya mzunguko wa pili ndiyo rahisi kuieleza. Kemo ikiingia, chembe fulani kwenye ukuta wa utumbo zinamwaga serotonini. Hiyo inaamsha mshipa wa fahamu unaotoka tumboni kwenda ubongoni, na ubongo unaamuru tapika. Ondansetroni, ambayo naamini ndiyo sindano mliyopewa, kazi yake ni kuziba ile tundu ya kitasa ili funguo ya serotonini isiingie. Sasa ukija kuziba mlango ukiwa umeshafunguliwa, unaziba nini? Inatakiwa itangulie, kwa kawaida nusu saa hivi kabla ya dripu. Yule aliyekuambia hakuna neno alikosea, na siku nyingine una haki ya kusema dripu isianze mpaka dawa ifike. Sema kwa adabu, ila sema.

Ya mzunguko wa kwanza, ile iliyokuja kesho yake, ni mtego unaowanasa wengi. Baada ya saa 24 serotonini si mchezaji mkuu tena. Kuna kitu kingine kinaitwa substansi P kinachofanya kazi ndani ya ubongo, na ondansetroni haikigusi. Ndiyo maana mtu anakula ndizi usiku mnapiga makofi, halafu siku ya pili mpaka ya nne ndiyo kiama. Kwa dawa kama za mama, vidonge vya nyumbani ni nusu ya matibabu. Mgonjwa kuondoka mikono mitupu ni kosa, sitalipamba.

Na ya geti. Hiyo wala si utumbo. Ubongo umejifunza: geti, harufu ya spiriti, sare ya nesi, yote ni beseni. Hapo ondansetroni haifui dafu. Kinga yake ilikuwa kutomwacha ateseke ile mara ya kwanza. Kwa sasa daktari anaweza kumpa lorazepamu kidogo, kidonge cha kutuliza wasiwasi, usiku wa kuamkia na asubuhi yake. Badilisheni pia vitu vidogo. Pitieni geti lingine kama lipo, mumwombe nesi afungue pamba ya spiriti mbali na pua yake.

#6 Kitindamimba

Nimesoma mara tatu. Sikujua kama naweza kusema "subirini". Pale mtu unajiona umefadhiliwa tu kupata kitanda.

Sasa hivyo vidonge vya nyumbani ni vipi? Na bei? Akiba imebaki ya mawazo.

#7 Dozi_Kamili

Nakuandikia majina ili uende nayo kwa daktari wake, usiende nayo dukani. Tuelewane hapo.

Dawa za mama ziko daraja la juu la kutapisha. Daraja hilo maana yake ni kwamba bila kinga, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 wanatapika. Kwa daraja hilo miongozo mikubwa ya dunia inataka dawa nne kwa pamoja: ondansetroni au ndugu yake, deksamethasoni, aprepitanti na olanzapini. Aprepitanti ndiyo inayoziba substansi P, ilitoka 2003. Ni nzuri sana, ila bei yake ni ya kukaa chini kwanza. Hizo tatu nyingine ni za kawaida na bei yake inabebeka.

Mbabe wa siku hizi ni olanzapini. 2016 kulitoka utafiti wa Navari na wenzake Marekani, wagonjwa 380, wote walipewa ondansetroni au ndugu yake, deksamethasoni na aprepitanti, nusu wakaongezewa olanzapini. Siku ya kwanza ambao hawakupata kabisa kichefuchefu walikuwa 74 kwa mia, upande wa pili 45. Angalia neno nililotumia: kichefuchefu. Maana kutapika tulishajifunza kukuzuia miaka mingi, ila kile kisirani cha kukaa na mate mdomoni siku nzima bila kutapika ndicho kilichokuwa kinatushinda.

Inamezwa usiku kwa sababu inaleta usingizi mzito. Katika utafiti ule walitumia miligramu 10, lakini Wajapani wakaonyesha kwamba 5 inafanya kazi vizuri, na kwa mtu wa miaka 61 mwenye mwili mdogo mwambie daktari afikirie hiyo ya chini. Je, mama ana kisukari? Hilo ulitaje, maana deksamethasoni inapandisha sukari na olanzapini nayo si rafiki yake. Na deksamethasoni ni ya asubuhi. Ukimpa jioni mtakesha wote mnahesabu mabati.

BiTangawizi, tangawizi yako siikatai, anywe kama inamtuliza. Ila peke yake mbele ya doksorubisini ni kumtuma mtoto akamate ng'ombe dume.

#8 BiTangawizi

Haya mwanangu, nimekuelewa. Ila ubuyu usimnyime.

#9 Kitindamimba

Kisukari hana, ana presha tu, anameza amlodipini.

Wakuu kuna kituko. Nimemsimulia kaka mkubwa habari ya olanzapini, yeye akaigugo, akamsomea mama kwa sauti: "dawa ya skizofrenia", yaani ugonjwa wa akili. Sasa mama amenuna. Anasema "titi mmeshalikata, sasa mnanipeleka Mirembe."

#10 Mchele_Mbeya

😂😂 Mwambie Mirembe hawatapiki.

#11 Dozi_Kamili

Mwambie mama hivi: dawa haijui jina la ugonjwa, inajua tundu la kitasa. Zile tundu ambazo olanzapini inaziba kwa wenye maradhi ya akili, baadhi yake ndizo hizohizo zinazoamuru kutapika. Atameza siku nne tu kila mzunguko. Hata aspirini ya kichwa wenye ugonjwa wa moyo wanaimeza kila siku, na hakuna anayewaambia wanaumwa kichwa.

#12 Nusukaputi

Nimechelewa, nilikuwa zamu. Mimi ni mtu wa usingizi, kazi yangu ni kukulaza upasuliwe na kukuamsha. Niongezee upande wetu, maana hii ya "kuzuia kabla" sisi tunaishi nayo kila siku.

Watu wanaogopa kisu, lakini ukiwauliza baada ya upasuaji, wengi watakuambia kilichowatesa ni kutapika. Fikiria una mshono mpya wa tumbo halafu unatapika. Karibu mtu mmoja kati ya watatu hupatwa baada ya nusu kaputi kama hakuna kinga. Ila hatuwapi wote sawa. 1999 Mjerumani Apfel na wenzake walitupa hesabu ya mambo manne: uwe mwanamke, usiwe mvutaji sigara, uwe na historia ya kutapika safarini au baada ya upasuaji wa nyuma, na uwe utapewa dawa za maumivu za jamii ya mofini. Huna hata moja, hatari yako ni kama 10 kwa mia. Kila moja ikiongezeka inapanda, ukiwa nazo zote nne unafika kama 80. Kwa hiyo nikikuuliza "ukipanda basi la Lushoto unatapika?" sipigi soga. Nakuhesabu.

Deksamethasoni tunaitoa mwanzo mgonjwa akishalala, ondansetroni karibu na mwisho. Kwa nini akishalala? Kwa sababu ukiisukuma haraka kwa mtu aliye macho, anaruka kama amekalia pilipili. Muwasho wa ghafla, huko chini kabisa. Nilimfanyia hivyo mama mmoja nikiwa mwanafunzi, naona aibu mpaka leo. Wauguzi mnaosoma hapa, taratibu, au ichanganyeni kwenye dripu.

Na kina mama wanaojifungua kwa upasuaji na ganzi ya mgongo: ukisikia kichefuchefu dakika chache baada ya ganzi, sema haraka, usione haya. Mara nyingi ni presha imeshuka, tumbo halina kosa. Tunainua presha kwanza, na kichefuchefu kinaondoka chenyewe. Anayekimbilia sindano ya kutapika bila kuangalia mashine ya presha amelala kazini.

#13 KonaBaa

Sijaelewa hapo. Kwa hiyo mimi mvuta fegi natapika kidogo kuliko wife?

#14 Nusukaputi

Kwa hilo moja tu ndiyo mkuu. Ila mapafu yako yananipa kazi mara tatu nikikulaza, kwa hiyo usiende kusherehekea.

#15 MamaWawili

Jamani nina kisa na mnisaidie kuelewa. Mwaka juzi binti yangu, miaka 16, alipata malaria akawa anatapika. Duka la jirani wakampa Plasil. Alimeza mchana mara mbili, na usiku tena. Saa sita usiku nasikia anagugumia. Nawasha taa: shingo imepinda imekwenda nyuma, macho yametazama juu dari hayashuki, ulimi unatoka. Ananisikia, anajaribu kunijibu, hawezi. Mama mkwe akasema hili ni jini, wala tusipoteze muda. Mtaalamu wao akaletwa, akataka kuku mweusi na kaniki. Mimi nikamfunga mtoto mgongoni kwa mume wangu, pikipiki mpaka zahanati.

Yule tabibu wa zamu alimtazama tu akauliza, "amemeza Plasil?" Hata hakuuliza jina la mtoto. Akachoma sindano. Tumekaa kwenye benchi, haijafika nusu saa, shingo ikarudi. Mtoto akasema "mama nina njaa". Ilikuwa nini ile?

#16 Dozi_Kamili

Huyo tabibu ana macho. Plasil ni metoklopramidi. Inazuia dopamini kule kwenye kituo cha kutapika, lakini inaweza kuzuia na dopamini inayoongoza misuli, basi misuli inajikaza yenyewe: shingo, macho, taya, ulimi. Inawapata zaidi vijana na watoto, na wasichana kuliko wavulana. Inatisha sana kuitazama, ila sindano ya promethazini au ya jamii yake huifungua haraka. Ni kuku wangapi weusi wameliwa nchi hii kwa ajili ya Plasil, Mungu ndiye anajua.

Si dawa mbaya. Enzi za mwanzo za sisplatini, dawa nyingine ya kemo, kabla ya ondansetroni kuingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndiyo ilikuwa tegemeo, tena kwa dozi kubwa mno. Ila 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilibana: isizidi siku tano, mtu mzima asizidi miligramu 30 kwa siku, watoto chini ya mwaka mmoja wasiguswe kabisa. Na ya mshipani isukumwe polepole, dakika tatu. Ukiisukuma kwa pupa mgonjwa anapata wahaka, anataka kung'oa dripu atoke nje na hajui kwa nini.

Binti yako aandikwe kwenye kila daftari la hospitali: metoklopramidi hapana.

#17 MamaWawili

Nimeandika kwa kalamu nyekundu kwenye jalada. Na hiyo screenshot namtumia mama mkwe.

#18 Chipukizi_Tanga

Samahani kuingilia. Mke wangu ana mimba ya miezi miwili, anatapika asubuhi mpaka jioni. Haya mnayosema yanamhusu?

#19 Dozi_Kamili

Baadhi, lakini usimpe chochote kutoka kwenye uzi huu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na thalidomaidi, iliuzwa kuanzia Ujerumani kama dawa salama ya usingizi na kichefuchefu cha wajawazito. Walianza kuiondoa 1961, na watoto zaidi ya 10,000 walizaliwa na viungo pungufu. Tangu hapo kila dawa ya mjamzito inapimwa kwa jicho kali. Zipo zilizo salama, vitamini B6 pamoja na doksilamini ni mfano mmoja, na zinatolewa kliniki. Akishindwa kushika hata maji, mkojo ukawa mchache na mweusi kama chai ya rangi, au uzito unashuka, mpeleke leo, usingoje tarehe ya kliniki.

#20 Kitindamimba

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki tatu.

Nilienda kwa daktari kama mfamasia alivyosema, ila kwanza nikaandika kwenye daftari la shule: tarehe, saa, ametapika mara ngapi, ameshika nini tumboni. Mzunguko wa kwanza peke yake ulijaza kurasa mbili. Nikalifungua mbele ya daktari bila maneno mengi. Alisoma, akavua miwani, akaniuliza, "mliondoka na vidonge gani?" Nikamwambia hakuna. Alinyamaza kidogo, akaanza kuandika.

Aprepitanti tulishindwa bei, akasema twende na tatu. Lorazepamu usiku na asubuhi. Dawa zote nilinunua siku moja kabla, ziko kwenye mfuko wangu. Siku yenyewe tuliingia kwa geti la nyuma, lile la magari ya mizigo, mlinzi nilishaongea naye. Mama alijifunika pua kwa khanga yenye karafuu. Alichefuka, sikatai, alinishika mkono akaubana mpaka kucha zikaingia. Hakutapika. Ondansetroni na deksamethasoni zikatangulia, nikamwambia nesi "tunaomba nusu saa", akaniangalia juu mpaka chini, halafu akasema sawa.

Siku ya pili alilala kama mtoto, olanzapini ile si mchezo, nikawa naenda kumtazama kama anapumua. Siku ya tatu alitapika mara moja, kidogo. Siku ya nne tatizo likawa choo kigumu.

#21 Dozi_Kamili

Hiyo ni ondansetroni, ndiyo kasoro yake kubwa ya kila siku, pamoja na kichwa kuuma. Papai, maji, na kama haitoshi daktari aongeze dawa ya kulainisha. Na mzunguko wa nne ukifika mwambie kuhusu ule usingizi, dozi inaweza kushushwa zaidi. Siku hizo asiendelee na safari za chooni peke yake usiku, kizunguzungu na presha yake vinaweza kumwangusha.

#22 Kitindamimba

Nimekuelewa mkuu. Papai lipo, kala nusu leo.

Mzunguko wa nne ni tarehe 14. Jana nimemkuta uani anafua mashuka yake mwenyewe, kwenye lile beseni la bluu. Nilipomwambia aache nifue mimi akanifukuza, akasema nalipoteza bure, lina kazi yake.